Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: turudishieni daftari la wakazi

Kamwene, Ndugu Mkurugenzi wa halmashauri yetu.

Nakuandikia juu ya kaunta buku moja, daftari la wakazi wa kitongoji changu. Nilipochaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyenitangulia alinikabidhi mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Kila kaya ilikuwa na ukurasa wake: mkuu wa kaya, wanaolala humo, aliyezaliwa, aliyeolewa akahama, aliyefariki. Kaya 64. Nililiandika miaka yangu yote. Nilipoondoka likaishia hapo, maana aliyenifuata hakupewa jipya na hakuna ofisi iliyomuuliza.

Utasema sensa ipo. Ipo, na Agosti 2022 nilimtembeza karani nyumba kwa nyumba. Aliandika waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23, na kwa hesabu ya Taifa ndivyo inavyotakiwa. Sina ugomvi na ile 61,741,120. Lakini tazama kijiji cha huku milimani mwezi huo. Mahindi yameshavunwa na mvua ni mpaka Novemba. Vijana wako kwenye msitu wa misonobari wa Sao Hill wanagema utomvu na kupasua mbao, wengine wako kwenye chai Mufindi, wengine wamefika Kariakoo. Waliobaki ni wazee, watoto na akina mama wa vinyungu, yaani bustani za kule bondeni. Kila aliyetoka alihesabiwa alikolala. Mvua ikidondoka wengi wanarudi kulima, na zahanati ni ile ile.

Ndugu zetu wa Makete, tuliokuwa nao mkoa mmoja mpaka Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, walihesabiwa 106,061 mwaka 2002. Sensa ya 2012 ikawakuta 97,266, wakati nchi nzima imepanda kutoka milioni 34 na ushee hadi karibu 45. Ukimwi ulikuwa umeingia nyumba baada ya nyumba, na vijana walikuwa wameshuka mijini kutafuta biashara. Namba ilisema watu wamepungua. Ni bibi yupi aliyebaki na wajukuu wanne, ni nyumba ipi inayoongozwa na mtoto wa darasa la sita, hayo namba ya wilaya haiwezi kusema. Yanajulikana kitongojini, na yanadumu yakiandikwa.

Jirani yangu mmoja ni mjane. Msimu mmoja wa mbolea ya ruzuku alikwenda dukani akaambiwa namba ya kuchukulia imeshatumwa. Ilikuwa imetumwa kwenye simu ya mumewe, tuliyemzika mwaka uliotangulia. Hakuna aliyemwibia. Ni kwamba kifo kile hakikuandikwa popote: tulizika, tukaondoa matanga, tukarudi shambani. Mama yule alipanda bila mbolea, na mahindi yake nimeyaona kwa macho yangu yakiwa ya njano hadi kiunoni. Wakati wa lile daftari, jina la marehemu lingefutwa wiki ile ile na lake likaandikwa juu.

Halafu kuna ardhi. Watu wa mjini wanapanda huku kila mwaka kutafuta ekari za kupanda miti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sasa mkazi ni nani? Nimeona mkutano ukibishana saa nzima kama mtu fulani ana haki ya kunyoosha mkono, na aliyeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kijana aliyeko Sao Hill kwa miezi minne hakuwa na wa kumsemea, naye shamba la baba yake ndilo lilikuwa linajadiliwa.

Mtendaji wetu wa kijiji simlaumu. Ana vijiji viwili na hana pikipiki. Jumanne yuko kwetu, siku nyingine umfuate ng'ambo ya mto. Ukiweza kutupatia mtendaji anayelala kijijini tutashukuru sana, ila najua ajira haziko mkononi mwako peke yako. Kaunta buku ziko. Ninaomba kila mwenyekiti wa kitongoji apewe moja, aelekezwe kuijaza, na mabadiliko yasomwe mbele ya watu kila mkutano mkuu wa miezi mitatu. Mtendaji akusanye jumla, aipeleke kata, na kata ikuletee. Mnapopanga madarasa na vyoo vya shule, muwe na hesabu ya Desemba mkononi pamoja na ile ya Agosti.

Ningependa lianze Novemba hii, vijana wakiwa wanarudi na kila kaya ikiwa imetimia. Daftari la zamani ninalo bado, nimelifunga kwenye nailoni lisiliwe na mchwa. Siku jipya litakapofika nitalileta, kaya zile 64 zinakiliwe kwanza.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji,
Nyanda za Juu Kusini