Barua kwa wanangu mnaopanda Moshi kila Desemba

Wanangu wa Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Rombo, popote mlipo,

Marahaba. Mimi shangazi yenu nimekaa kwenye vikao vya ukoo muda wa kutosha kujua nani haji, na kwa nini. Mnasema fulani ana maringo, amewatupa ndugu. Maringo gani? Biashara imemfia Kariakoo, nauli ya watoto hana, na orodha ya michango ipo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mbele ya jina lake pameandikwa sifuri. Nani atapanda basi kutwa nzima kuja kusomewa sifuri yake?

Yupo pia aliyebaki nyumbani. Kwa mila yetu Wachagga kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, humwangukia kitinda mimba, kifungua mimba hupewa kingine, wa katikati wakajitafutie. (Sisi mabinti hatukuhesabiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imelikataa jambo hilo, lakini nyumbani bado tunabishana. Nitaliandikia siku yake.) Huyo kitinda mimba ndiye anayekata majani ya ng'ombe, ndiye anayemshika mama yenu mkono usiku kwenda chooni. Mnafika na magari, mnamtuma akachinje mbuzi wa ndafu, akafuate pombe ya mbege, kisha mnamtambulisha kwa wake zenu: "Huyu ndiye mlinzi wetu." Mnacheka. Naye anacheka, ila mimi namtazama macho.

Wakubwa mlisomeshwa na kahawa. Wazee waliianzisha KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933, na kwa miaka mingi debe la buni lililipa ada. Mwaka 1989 makubaliano ya nchi za kahawa kuhusu mgao wa kuuza nje yalivunjika, bei ikaporomoka. Zamu ya mdogo wenu ilipofika, mibuni ilikuwa ile ile, baba yule yule, ada hakuna. Hamkumzidi akili.

Nanyi mlio nyumbani, msijifiche nyuma ya unyonge. Mama anaumwa, unaona haya kumpigia kaka, unauza kipande cha kihamba kimyakimya. Kaka anakuja kukuta ukuta wa mtu, mnaishia baraza la kata. Hiyo haya imegharimu kuliko simu moja.

Tunayo isale, jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa jani hilo, huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Lakini isale ni ya aliyekosa. Aliyefilisika hajamkosea mtu, ampelekee nani? Na aliyemdhalilisha nduguye kwa fadhila haoni kosa lake, kwa hiyo jani halichumwi. Mnaanza kukwepana, miaka inapita, mnakutana msibani mkipeana mkono kama wageni. Kwa hukumu yangu, isale aibebe mwenye gari, hata kama haoni alichokosa.

Mhazini, ifute orodha hiyo leo, ibaki kwenye daftari lako. Mwenye kutaka kumtumia ndugu nauli amtumie mwenyewe, kikao kisijue, mkewe asijue. Na wewe kifungua mimba, mbuzi wa mwaka huu mchinje wewe, mdogo wako akae na wageni.

Ni mimi,
Shangazi yenu, Uru