Waombaji wa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam): tukutane Jumamosi

Habari za jioni, wadogo zetu. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane Mlimani, kampasi kuu, nje ya Ukumbi wa Nkrumah.

1. Njoo na namba zako za mtihani, kidato cha nne na cha sita. Fomu ya maombi ijazwe kwa namba ya simu yako, si ya mwenye steshenari! Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba maalumu ya kuthibitisha huja kwa meseji. Ikimfikia mwingine, nafasi inaweza kupotea.

2. Mkopo huombwa kando, HESLB (Bodi ya Mikopo). Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema.

3. DUCE na MUCE ni vyuo vishiriki vya UDSM: DUCE iko Chang'ombe, MUCE Iringa. Wengi huchagua wakidhani ni Mlimani.

Andika jina na "nakuja" kabla ya Alhamisi jioni.