Nondo zetu mmeshalipwa, sisi hamjatulipa: barua kwa kampuni ya ukandarasi

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kizota, Dodoma.
16 Juni 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ukandarasi wa Majengo,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO YA KUTOLIPWA SHILINGI 25,400,000 ZA VIFAA VYA UJENZI, NA KUSUDIO LA KUFIKISHA SUALA HILI BODI YA USAJILI WA MAKANDARASI

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Tarehe 3 Februari 2025 kampuni yako ilituletea LPO, yaani hati ya kuagiza mali, ya nondo tani 9, za milimita 16 na 12, mifuko 500 ya saruji pamoja na binding waya, kwa ajili ya bweni la ghorofa moja mnalolijenga kwa mkataba wa halmashauri. Bei ilikuwa shilingi 30,000,000, na VAT ya asilimia 18 ikaifikisha 35,400,000. Mlitanguliza milioni 10. Zilizobaki mliahidi kwa maandishi, kwenye LPO hiyohiyo, kuzilipa ndani ya siku 30 baada ya mzigo kukamilika. Mzigo wa mwisho uliingia saiti tarehe 14 Februari. Tangu siku hiyo hamjaongeza hata senti moja.

Mwezi Machi mlituambia mteja hajalipa. Tukavumilia, kwa sababu kila anayefanya biashara ya ujenzi nchini anajua malipo ya miradi ya serikali yanavyoweza kuchelewa. Mwezi Aprili mhasibu wako akatupa hundi, na benki ikairudisha kwa maelezo kwamba akaunti haina fedha za kutosha. Nilipomweleza, alisema tuipeleke tena wiki inayofuata. Ikarudi tena.

Kisha mwezi Mei ikazuka hoja ambayo hatujawahi kuisikia: kwamba nondo zilipungua. Ndugu Mkurugenzi, hoja hii ndiyo iliyoniumiza kuliko hundi. Stoo kipa wako alizihesabu nondo zile moja moja mbele ya dereva wetu, na alikataa kusaini mpaka zilipotengwa nne zilizopinda, ambazo tulizibadilisha kesho yake. Baada ya hapo akasaini na kugonga mhuri wa kampuni yako kwenye hati zote za kupokelea mzigo. Alifanya kazi yake vizuri, na ningependa kila saiti iwe na mtu kama yeye. Hakuna hati hata moja aliyoandika neno "pungufu". Nondo zetu tunazipaka rangi ya bluu kwenye ncha kabla hazijatoka dukani. Nilipofika saiti mwezi uliopita, vichwa vya nguzo za juu vilikuwa bado vimeachwa wazi kwa ajili ya kuunganisha mkanda wa paa, na rangi ile ya bluu ilikuwa inaonekana kwenye kila nguzo. Majengo hayasimami kwa nondo ambazo hazikufika.

Siku hiyohiyo nilipita kwa mhandisi wa halmashauri. Nikaelezwa kwamba hati yenu ya pili ya malipo ililipwa mwezi Aprili, na kwamba ndani yake mlidai na mkalipwa fedha za vifaa vilivyokwishafika saiti, nondo zikiwemo. Kwa hiyo mwezi uleule mliotupa hundi isiyo na fedha, fedha za nondo zetu zilikuwa zimeshaingia kwenu. Mkandarasi aliyekwama kwa kuwa mteja wake amekwama namwelewa, nimewahi kuwasubiri wengi. Kampuni yako haikukwama. Ilipokea fedha za mali ya mtu mwingine ikazipeleka kwenye shughuli nyingine, na hilo ndilo hasa ninalolilalamikia.

Naomba pia ujue deni hili linavyokaa kwetu. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, tuliitoa mzigo ulipotoka, kama sheria inavyotaka, na VAT ya mauzo ya Februari inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 20 Machi, mteja awe amelipa au hajalipa. Ile shilingi 5,400,000 ya kodi imeshatoka yote mfukoni mwetu: sehemu tuliilipa tuliponunua mali kwa msambazaji, iliyobaki tukaipeleka TRA. Ninyi mna risiti hiyo, yenye TIN na VRN yenu (namba ya mlipakodi na namba ya usajili wa VAT), inayowapa nafasi ya kupunguza kodi yenu wenyewe. Yaani sisi tumelipa kodi ya fedha ambayo hatujaipata, na ninyi mnaweza kunufaika na kodi ya mali ambayo hamjailipia. Kwa duka lenye wafanyakazi watano na mkopo wa benki wa kununulia mzigo, hali hiyo haivumiliki.

Sasa kuhusu Bodi. Najua Bodi ya Usajili wa Makandarasi si dalali wa madeni, na sitarajii inikamatie fedha zangu. Kwa hilo kuna mahakama, na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inanipa miaka 6 ya kudai deni la mkataba. Lakini nilitoa mali kwa mkopo kwa sababu moja tu. Meneja wenu wa mradi alipokuja dukani alitoa nakala ya cheti cha usajili, daraja la tano, na namba ileile niliikuta kwenye kibao cha mradi pale getini. Sikuwafahamu kwa sura wala kwa ukoo. Niliamini usajili. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Sura ya 235, inaipa Bodi mamlaka ya kuchunguza mwenendo wa mkandarasi, na hata kulifuta jina lake kwenye daftari. Sioni mwenendo unaostahili kuchunguzwa zaidi ya kutumia cheti cha Bodi kuchukulia mali, kulipwa fedha za mali hiyo, kisha kumkimbia mwenye mali.

Na wanaoumia si sisi peke yetu. Wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja, mkandarasi wa daraja la saba, amepata kazi yake ya kwanza ya halmashauri. Alihitaji saruji mifuko 80 kwa mkopo wa mwezi mmoja. Cheti anacho, mkataba anao, na wenzake wanamsifu. Nilimkatalia. Sina mtaji wa kumkopesha, kwa sababu mtaji huo mnao ninyi. Aliondoka na mifuko 15 aliyokuwa na fedha zake taslimu. Ikiwa kila mwenye duka wa Kizota atafanya nilivyofanya mimi, wakandarasi wadogo waaminifu watazikosa kazi kwa makosa ya kampuni yako.

Ninachotaka ni shilingi 25,400,000, kwa uhamisho wa benki, ifikapo tarehe 30 Juni 2025. Hundi hatupokei tena. Kama hamuwezi kulipa zote kwa mara moja, lipeni nusu ifikapo tarehe hiyo na mlete ratiba ya nusu iliyobaki, iliyosainiwa na wewe mwenyewe na si na mhasibu, isiyovuka mwisho wa Julai. Kama bado mnashikilia kwamba nondo zilipungua, niandikieni ni hati ipi ya kupokelea mzigo, ya tarehe ipi, na zilipungua ngapi. Nitafika saiti na vitabu vyangu, stoo kipa wenu awepo, na mhandisi wa halmashauri awepo.

Tarehe hiyo ikipita bila malipo na bila maandishi, tarehe 1 Julai nitawasilisha malalamiko rasmi kwa Msajili wa Bodi, nikiambatisha LPO, hati za kupokelea mzigo, risiti ya EFD na hundi pamoja na maelezo ya benki ya mara zote mbili. Jalada limeshaandaliwa. Wakili wetu naye ataendelea na shauri la madai, ambamo tutadai deni, riba na gharama.

Simu zangu hazipokelewi ofisini kwenu tangu mwishoni mwa Mei, kwa hiyo barua hii italetwa kwa mkono na itasainiwa kwenye kitabu cha kukabidhia. Naomba jibu kwa maandishi.

Wako,

Mmiliki,
Duka la Vifaa vya Ujenzi, Kizota.

Nakala: Mhandisi wa Halmashauri
Wakili wetu