Kabla ya kuizomea, itazame

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika hapa kuwa tamthilia za mashujaa wenye nguvu za ajabu ni upuuzi wa watoto amenigusa, maana nami nilikuwa hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Siku moja binti yangu aliegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, anaangalia tamthilia ya Ms. Marvel ya mwaka 2022. Nikamwambia azime. "Mama, kaa kwanza." Nikakaa, pasi ya mkaa mkononi.

Kumbe shujaa mwenyewe, Kamala Khan, ni binti wa Kiislamu wa Jersey City, Marekani, mwenye asili ya Pakistani, na nguvu zake zinaamshwa na bangili ya mama mzaa bibi yake. Sehemu ya tano inarudi 1947, India inapogawanywa na Pakistani kuzaliwa: stesheni imefurika, katoto kamepotezana na baba yake, treni inataka kuondoka. Pasi ikapoa nisijue. Na lile vazi la ushujaa? Kashonewa na mama yake! Hapo nikacheka peke yangu.

Sisemi haina kasoro. Maadui wake hawatishi, mpaka leo sijaelewa vizuri walitaka nini, na sehemu sita hazikuitosha hadithi ile. Lakini nasema hayo baada ya kuiona yote. Mwenzangu kakiri mwenyewe aliishia dakika ya kumi.

Dakika kumi, Mhariri! Mimi gauni likiwa bado na pini, hata kulijaribu mteja simruhusu.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga