Kontrola si kuli: neno kwa watengenezaji wa programu za simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu jambo ambalo vijana wetu wanaotengeneza programu za simu hapa Lamu hulipita mbio, nalo ni kazi halisi ya kontrola.

Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, mtaalamu kutoka Norwe aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, alieleza muundo wa sehemu tatu: modeli inayotunza taarifa pamoja na kanuni zake, mwonekano unaomdhihirishia mtumiaji taarifa hizo, na kontrola inayopokea anachobonyeza na kukipeleka panapohusika. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakutuonya kuhusu nahodha mmoja aliyejitwika ubaharia, ukuli na ukarani wa shehena.

Nahodha wa namna hiyo nilimkuta mwaka jana, nilipoitwa kurekebisha programu ya kukatia tiketi za mashua za Mokowe. Hesabu ya nauli, uhakiki wa malipo, orodha ya abiria, hata rangi ya kitufe, vyote vilirundikwa katika faili moja la kontrola lenye mistari zaidi ya 2,000. Mama akishaorodhesha watoto wake wanne, kisha akailaza simu ili asome vizuri, orodha yote hutoweka. Hapakuwa na uchawi. Kwa kawaida skrini ikigeuzwa, Android huivunja aktiviti, yaani sehemu ya programu inayoendesha skrini, na kuiunda upya, na kilichoachwa ndani yake bila kuhifadhiwa kwingine hupotea nayo. Ndiyo maana mwaka 2017 Google walileta ViewModel, sehemu ya kutunzia taarifa za skrini, ambayo hubaki hai wakati wa mgeuko huo.

Kwenye iPhone maradhi ya kuitwika kontrola kila kazi ni yayo hayo, kwa kuwa UIViewController, kontrola ya skrini iliyoundwa na Apple, imefungamana na mwonekano tangu mwanzo, na watengenezaji wenyewe hutaniana kuhusu kontrola zilizonenepa.

Wako wanaosema dawa ni kuitupa kontrola na kuhamia MVVM (modeli, mwonekano na ViewModel inayoviunganisha), muundo uliotangazwa na John Gossman wa Microsoft mwaka 2005. Siupingi, ila nimeshaona mtu akiihamisha mistari yake 2,000 kama ilivyo hadi kwenye ViewModel, akajiona amemaliza kazi.

Katika programu ile nilirudisha kanuni za nauli kwenye modeli, nikaiachia kontrola kupokea na kuelekeza tu. Wenye mashua walipobadilisha nauli ya mizigo, nilirekebisha mstari mmoja nikiwa nimeketi barazani, nikaujaribu kwenye kompyuta bila hata kuiwasha simu, na adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Ombi langu kwa wakufunzi wa vyuo vyetu ni kwamba mwanafunzi anapowasilisha programu yake, kabla ya kuulizwa kontrola yake inafanya nini, aulizwe ni kazi zipi ameikataza.

Mtengenezaji wa programu,
Langoni, Lamu