Kwa vijana wa redio za Lubumbashi: ombeni karatasi

Wanangu,

Mwezi uliopita niliketi nyuma kabisa katika mkutano kwenye ofisi moja ya komine, yaani utawala wa sehemu ya mji. Wakubwa walikuja kueleza kazi zilizofanywa kwa pesa za madini. Binti mmoja kati yenu akasimama, akauliza ni kiasi gani kimeingia na kisima kinachosifiwa kiligharimu ngapi. Akajibiwa kwamba hiyo ni siri ya serikali. Jibu lile sikulishangaa. Kilichoniuma ni nyinyi wenzake mliomcheka, kisha mkajipanga mlangoni kupokea bahasha ya transpoti. Jioni nikafungua redio, nikahamia nyingine: tangazo lilelile la ofisi, neno kwa neno, na makosa yake yote.

Nimekuwa karani wa serikali hadi kustaafu, nimeshika mafaili ya kila namna. Siri zipo, za jeshi na za upelelezi wa kesi. Bei ya kisima haimo. Kifungu cha 24 cha Katiba ya Kongo yetu ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Hakisemi mwandishi wa habari peke yake. Dekreti, yaani amri ya serikali, ya 20 Mei 2011 inaamuru mikataba ya maliasili itangazwe ndani ya siku 60. Nayo Sheria ya Madini, tangu irekebishwe 2018, imegawa wazi mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komine, sekta au chefferie (utawala wa chifu) yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji.

Basi mnashindwaje kuuliza? Ile asilimia 15 ya komine iliingia akaunti gani, tarehe gani, nani aliweka saini ya kuitoa? Mkijibiwa kwa mdomo, ombeni karatasi. Mkinyimwa, andikeni barua, nakala mbili. Moja muiache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkubwa anaweza kukana maneno yake hata kesho asubuhi. Muhuri wa ofisi yake mwenyewe hawezi kuukana. Siku zikipita kimya, someni barua hiyo hewani, na tarehe yake, kila juma. Hiyo nayo ni habari.

Mengine mnayajua: msitaje jina la aliyewaamini. Sauti ya WhatsApp isiyojulikana imetoka wapi isiende hewani. Mkikosea, sahihisheni siku hiyohiyo.

Wala msidhani naidharau hofu yenu. Serge Maheshe aliuawa kwa risasi Bukavu Juni 2007, na Didace Namujimbo mjini humohumo Novemba 2008. Wote wa Radio Okapi, wote vijana. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023, akakaa gerezani miezi sita na zaidi kwa sababu ya makala ambayo haikuwa hata na jina lake. Mwaka huohuo tulikuwa tumepewa sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari, ya 13 Machi, badala ya ile ya 1996. Ndiyo maana sitaki mmoja wenu aende peke yake. Nendeni kumi na swali moja. Yule wa kwanza akinyamazishwa, wa pili alirudie vilevile alivyolisikia. Siku ile binti yule angepata mtu mmoja tu wa kulirudia, mkutano ungekuwa mwingine.

Nanyi wenye vituo, mnamtuma mtoto kazini miezi bila mshahara, mnategemea ale nini kama si bahasha? Na sisi wazee, wachungaji, walimu, tunalalamika kwenye basi kwamba mji umeoza, halafu hakuna anayefika ofisi ya komine kuomba kuona bajeti. Haki hii ni yetu pia. Tumewaachia watoto waibebe peke yao, na wakipigwa tunawalaumu kwa kimbelembele.

Asiyejua kusoma jedwali la bajeti aje kwangu Kamalondo, Jumamosi baada ya saa nane mchana. Aje na kalamu, na barua anayotaka kuipeleka Jumatatu. Tutaisoma pamoja kabla haijaenda kugongwa muhuri.

Mzee wenu,
karani mstaafu