Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Schokland, Urk na Lemmer, na Uamuzi Ulio Mbele Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote mliofika. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze kamati imefanya nini na dhamana mliyoikabidhi. Mengi mmekwisha kuyasoma kwenye kumbukumbu za vikao, kwa hiyo nitayapita upesi. Nawaomba subira kwa jambo moja tu, safari ya Septemba, kwa sababu leo mnatakiwa kupigia kura namna ya safari zetu zijazo.

Darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi isipokuwa wakati wa likizo za shule. Mfuko wa kufa na kuzikana tuliufungua mara mbili, na mara zote mbili wafiwa walipata fedha mkononi kabla ya maiti kusafirishwa nyumbani. Futari ya pamoja ilihudhuriwa na Waislamu na Wakristo, kama kawaida yetu. Madeni ya ada bado yapo. Mweka hazina atayasoma mwenyewe, na nawasihi wahusika wasisubiri kusomwa.

Sasa safari.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukikodi basi kubwa la watu hamsini na kwenda wanakokwenda wageni wote hapa Uholanzi: maua ya Keukenhof, vinu vya upepo vya Zaanse Schans. Ni mahali pazuri. Lakini saa zetu zilikuwa zikiishia kwenye foleni na kuhesabiana mlangoni mwa basi, na watu walikuwa wakirudi na picha bila kurudi na habari. Katika mkutano mkuu uliopita mama mmoja, miongoni mwa waasisi wa chama hiki, alinyanyua mkono akasema: "Mwenyekiti, nimeishi nchi hii miaka ishirini na sita, maua nimeyaona mara nne. Wenyewe hawa wametoka wapi, na wanaishije huko mashambani?" Ukumbi ulinyamaza. Kamati ilitoka na swali lile, na safari tuliyoipanga ndiyo jibu letu.

Tulikodi magari mawili ya watu tisa. Sheria ya hapa inamruhusu mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo kuendesha gari lenye abiria wanane na yeye wa tisa, kwa hiyo hatukuhitaji dereva wa kukodi. Vijana wetu wawili waliendesha. Jumla tulikuwa 16, mkubwa wetu akiwa na miaka 78 na mdogo akiwa na 9. Tuliondoka Utrecht saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi. Kamati ilisisitiza Jumamosi kwa sababu Urk ni mji wa watu washika dini sana, na Jumapili huwa wanafunga maduka yao.

Kituo cha kwanza kilikuwa Schokland. Wengi wetu tumepita barabara ya Emmeloord mara nyingi bila kujua kwamba kando yake, katikati ya mashamba ya viazi na vitunguu, kuna kisiwa. Kilikuwa kisiwa kweli, chembamba na kirefu, ndani ya bahari iliyoitwa Zuiderzee. Watu wake walikuwa wavuvi. Bahari ilikuwa ikikila mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1859 Mfalme Willem III alipoamuru wenyeji wote, zaidi ya watu 600, wahame. Nyumba zao zilibomolewa. Walitawanyika katika miji ya pwani kama Kampen, Vollenhove na Volendam. Baadaye Waholanzi waliifunga bahari yenyewe kwa tuta la kilomita 32, Afsluitdijk, lililokamilika mwaka 1932, na mwaka 1942 eneo lote kuizunguka Schokland likakaushwa kwa pampu. Kisiwa kikajikuta juu ya nchi kavu. Mwaka 1995 UNESCO ilikiandika katika orodha ya urithi wa dunia, cha kwanza Uholanzi.

Hayo mnaweza kuyasoma popote. Ninalotaka kuwaeleza ni lile lililotokea pale Middelbuurt, penye kanisa dogo na makumbusho. Ukingo wa kilima umezungushiwa magogo yaliyosimikwa wima, moja kando ya jingine, kama yale ya kuzuia mawimbi. Mzee wetu wa Pemba, aliyevua samaki tangu utotoni hadi alipoondoka kwao, aliyashika magogo yale kwa viganja viwili, akainama kuangalia chini, akakuta nyasi. Akauliza kwa Kiswahili, bila kumgeukia mtu: "Bahari iko wapi?" Kijana wetu alimtafsiria mama wa makumbusho aliyekuwa akituongoza, naye akanyoosha mkono kuelekea shamba la viazi. Mzee alisimama pale muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo mimi nisingeyajua: upepo mbaya ulikuwa wa upande gani, maji ya kunywa walipata wapi, mashua walizivuta pwani au walizitia nanga. Mama yule aliacha maelezo yake ya kawaida akamjibu moja baada ya jingine. Tungekuwa watu hamsini, lisingetokea.

Tulielezwa pia kwamba kisiwa kinaendelea kudidimia. Udongo laini wa chini ukikauka hunywea, na ardhi hushuka. Ili kuokoa mabaki yaliyofukiwa, maji ya chini ya ardhi pembeni mwa kisiwa yamepandishwa tena kwa makusudi. Watu waliohangaika kuyatoa maji sasa wanayarudisha kidogo. Na vijiji viwili vya kale vya kisiwani, Emmeloord na Ens, majina yake yalipewa miji mipya iliyojengwa kwenye ardhi iliyokaushwa. Watoto wetu wa kidato cha pili waliyaandika hayo kwenye daftari zao bila kuambiwa na mtu.

Njiani kuelekea Urk tulizungumza juu ya watu waliopewa mashamba katika ardhi hii mpya iliyokaushwa. Hawakujiendea tu. Walichujwa: ujuzi wa kilimo, mtaji, familia, na wakaguzi walifika hadi majumbani kuangalia usafi na utaratibu wa nyumba. Ndani ya gari letu kimya kiliingia, halafu dada mmoja akaanza kusimulia mahojiano yake ya kuomba kibali cha kuishi, akafuatwa na mwingine, na mwingine. Nimeliandika hili katika taarifa rasmi kwa makusudi. Kwa miaka yote tuliyokaa pamoja, sijawahi kuwasikia wakiyazungumza.

Urk nayo ilikuwa kisiwa hadi mwaka 1939, lakini watu wake hawakuhamishwa. Walibaki wavuvi, na meli zao mpaka leo huvua Bahari ya Kaskazini. Tulikula samaki wa kukaanga bandarini, tukaongezea maandazi na chai ya tangawizi tuliyobeba kwenye chupa, na waliotaka kuswali adhuhuri waliswali kwenye majani karibu na magari. Kisha tulipanda hadi penye sanamu ya mwanamke anayetazama majini, nguo zake zikipeperushwa na upepo. Kando yake, ukutani, yamechongwa majina ya waliofia baharini. Utaona jina la ukoo mmoja linarudiwa mara kadhaa, na umri wa wengine ni wa watoto wa shule. Akina mama wetu wa mwambao walisoma ubao mmoja mmoja. Hatukuwaharakisha.

Lemmer tulikwenda kuona mtambo wa mvuke wa kusukuma maji, Woudagemaal. Ulifunguliwa na Malkia Wilhelmina mwaka 1920 na ndio mkubwa kuliko yote ya mvuke duniani ambayo bado inafanya kazi. Dohani yake ina mita 60. Ndani kuna injini nne na pampu nane, na zikiwashwa zinaweza kutoa zaidi ya lita bilioni 4 za maji kwa siku kutoka Friesland. Siku tuliyofika mitambo ilikuwa imelala, vyuma vinang'aa, harufu ya mafuta imejaa ukumbi. Huwashwa mvua zikizidi na mtambo wa kisasa wa Stavoren ukashindwa peke yake. Mzee aliyetutembeza alisema kuwa mitambo hii ni mali ya bodi ya maji ya Friesland. Hapo ndipo kijana mmoja alipopaza sauti: "Kumbe ndiyo hii barua ya waterschap!" Ile barua ya kodi ya bodi ya maji inayotufikia kila mwaka, ambayo wengi wetu tumekuwa tukiilipa kwa manung'uniko. Bila pampu za namna hii, sehemu kubwa ya nchi hii tunayoishi ingerudi majini. Nadhani mwaka huu barua hiyo itafunguliwa kwa moyo tofauti katika nyumba zetu.

Nieleze na kasoro. Tulipanga kumalizia kwa mashua katika mbuga ya maji ya Weerribben. Tulipofika, mwenye mashua hakuwa na kumbukumbu ya nafasi zetu, ingawa katibu alikuwa na barua ya kuthibitishiwa. Tulipoteza karibu saa nzima na hatukupanda. Pili, vituo vinne kwa siku moja vilikuwa vingi. Bibi mmoja alichoka sana, na ngazi za Lemmer hakuziweza, akabaki chini na mjukuu wake. Tulipaswa kuuliza juu ya ngazi mapema. Nimemwomba radhi nyumbani kwake na narudia hapa.

Badala ya mashua tulitembea Kalenberg, kijiji kilichojipanga kandokando ya mfereji. Maji yale yalichimbwa na watu: walikuwa wakikata udongo mweusi wa mimea iliyooza, wakiuanika kwenye vipande vyembamba vya ardhi na kuuza kama kuni. Siku hizi hukatwa matete wakati wa baridi, ya kuezekea. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuezeka makuti Kilwa alipeleka mkono chini ya upenu wa nyumba moja, akaomba ruhusa kwa mwenyewe, akapima unene: zaidi ya shubiri moja. Alituonyesha jinsi makuti yanavyoshonwa kwenye fito na kupandishwa safu kwa safu, na jinsi matete yanavyobanwa yakiwa yamelazwa, ncha zilizokatwa zikitazama nje. Mwenye nyumba alisema paa la namna ile hudumu miaka 30 na zaidi. Mwenzetu alicheka, akasema kwao mtu angeezeka mara nyingi sana kwa miaka hiyo. Wakaendelea kuzungumza, mmoja kwa Kiholanzi cha shida, mwingine kwa mikono, mpaka dereva akapiga honi.

Kuhusu fedha: watu 14 walichangia euro 45 kila mmoja, madereva wawili hawakulipishwa. Tulikusanya euro 630, tukatumia euro 688 kwa magari, mafuta na viingilio. Tofauti ya euro 58 ilitoka mfuko wa shughuli, na stakabadhi zote ziko mezani kwa katibu. Ni kweli kwamba basi kubwa huwa rahisi zaidi kwa kila kichwa. Wanaolipigania basi wana hoja, kwa sababu familia yenye watoto watatu haiwezi kutoa euro 225 kwa siku moja. Kamati inapendekeza watoto wa shule wachangie nusu, na mfuko wa shughuli ubebe iliyobaki.

Pendekezo lenyewe ni hili: tusikodi tena basi kubwa. Badala yake tuwe na safari tatu ndogo kwa mwaka, magari mawili kila safari, vituo visivyozidi viwili, na orodha ianze na wale ambao hawajawahi kwenda. Ya kwanza tungependa iwe jimbo la Drenthe. Asubuhi tuone makaburi ya mawe makubwa ya Borger, yaliyojengwa yapata miaka 5,000 iliyopita. Hapo lipo kubwa kuliko yote 54 ya nchi hii. Mchana twende Veenhuizen, kijiji walikopelekwa maskini, yatima na ombaomba wa mijini tangu miaka ya 1820 ili walime na kufanyishwa kazi, na ambacho baadaye kikawa cha magereza. Katibu amekwisha kuuliza habari za ngazi: jumba la makumbusho la Veenhuizen lina lifti.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, madereva wetu wawili, na akina mama waliokesha wakikaanga maandazi. Karatasi za kura zinapita sasa. Baada ya kuhesabiwa, daftari la kujiandikisha safari ya Drenthe litakuwa kwa katibu, na nafasi mbili za mbele zimewekwa kwa ajili ya bibi yetu na mjukuu wake.

Mwenyekiti